Magadi Si Potasi

Katika masoko ya Afrika Mashariki, kuanzia Kongowea hata Kariakoo, na kuanzia Kisumu hata Mbeya, huuzwa kwa mafungu vijiwe vyenye rangi ya weupe uliochujuka, ambavyo akina mama huvitumia kulainishia maharage, makande, kisamvu na mlenda, na jina lake ni magadi. Na katika majiko mengi ya bara, hasa magharibi ya Kenya ambako Waluhya hukiita kitu hicho musherekha, kazi ile ile hufanywa na maji yaliyochujwa katika majivu ya maganda ya maharage au ya ndizi. Kwa kuwa vyote viwili hulainisha chakula, huteleza vidoleni, hukata mafuta, na vikitengenezwa na fundi hugeuza mafuta hayo kuwa sabuni, watu wengi, na miongoni mwao wamo wasomi na wafanyabiashara, wamefikia kuviona kuwa ni kitu kimoja kilichotoka mahali pawili. Nia yangu katika makala haya ni kuthibitisha kwamba si kitu kimoja, kwamba ikhtilafu iliyo baina yao ni ya dhati wala si ya sura, na kwamba umma usiofundishwa ikhtilafu hiyo kwa lugha yake wenyewe hulipa gharama ya kutojua huko shambani, katika utengenezaji wa sabuni, na hatimaye katika afya ya mwili.

Elimu ya kemia yatuambia kwamba magadi ni chumvi ya kaboneti ambayo msingi wake ni metali iitwayo sodiamu, na kwamba ile chumvi inayosalia chunguni baada ya kuchemsha na kukausha maji ya majivu ya miti ya bara nayo kwa sehemu kubwa ni kaboneti, ila msingi wake ni metali nyingine, yaani potasiamu, na chumvi hiyo ndiyo potasi. Ni mapacha waliofanana uso na sauti, na atakaye kuwatambua sharti autazame mwenendo wao. Potasi iliyokaushwa ikiachwa wazi hunyonya unyevu wa hewa hata ikalowa na kuyeyuka yenyewe, ilhali fuwele za magadi ya kufulia, ambazo zimeshika maji ndani yake, zikiachwa hewani huyapoteza maji hayo na kugeuka unga mkavu. Sodiamu ikitiwa katika mwali wa moto huupa rangi ya manjano iliyokoza, na potasiamu huupa rangi ya zambarau iliyofifia. Walakini chembe ndogo tu ya sodiamu yatosha kuifunika zambarau hiyo isionekane, mpaka mwali utazamwe kupitia kioo cha buluu. Kadhalika, sabuni iliyofanywa kwa msingi wa sodiamu huganda ikawa mche mgumu wa kukatika kwa kisu, na ile ya potasiamu hubaki laini kama samli, hata ikapendwa na watengenezao sabuni za maji.

Huenda msomaji akauliza ni kwa sababu gani ziwa likatoa kimoja na msitu ukatoa cha pili, maadamu vyote viwili vina asili moja katika miamba. Jawabu lake ni miongoni mwa mambo yaliyo mazuri sana katika elimu ya maumbile. Katika gamba la dunia sodiamu na potasiamu hukaribiana kwa wingi; lakini mvua inapoimomonyoa miamba karne baada ya karne na kuzifungua metali hizo, potasiamu hukamatwa na udongo wa mfinyanzi na kunyonywa na mizizi ya mimea, na sodiamu, ambayo mimea mingi ya bara haina haja nayo kubwa, huteremka pamoja na maji mpaka ikafika baharini, au katika maziwa yasiyo na mto wa kutokea. Ndiyo maana kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 10.8 za sodiamu, na gramu 0.4 tu za potasiamu. Ndiyo maana pia Ziwa Magadi katika Kajiado, linalolishwa na chemchemi za moto zenye chumvi na kukaushwa na jua kali la Bonde la Ufa, limejilimbikizia tabaka za magadi ambazo mahali pengine hufikia unene wa mita 40. Kusini yake, katika nchi ya Tanzania, liko Ziwa Natron lenye tabia hiyo hiyo, na karibu nalo umesimama mlima Ol Doinyo Lengai, volkano pekee hai duniani ijulikanayo kutapika lava ya kaboneti, ambayo ndani yake zimo sodiamu na potasiamu pamoja, na ambayo moja ya madini yake wanajiolojia wameyapa jina la nyerereiti kwa kumtukuza Mwalimu Julius Nyerere. Basi potasi haikungojewa ziwani. Ilikusanywa na mti kidogo kidogo kutoka katika udongo, na moto ulipouteketeza mti huo ukaiacha katika majivu.

Isidhaniwe kwamba kutoyapambanua haya ni taksiri ya watu wetu peke yao, kwani wanazuoni wa Ulaya nao walikaa muda mrefu wakivihesabu vitu hivi kuwa ni jinsi moja. Mwaka 1736 mwanachuoni wa Kifaransa, Henri-Louis Duhamel du Monceau, ndiye aliyeleta ithibati kwamba msingi uliomo katika chumvi ya kula si ule uliomo katika majivu ya miti. Na baadaye akapanda katika shamba lake la bara mmea wa pwani ambao majivu yake hutoa magadi, ikadhihirika kwamba ukiisha kuzoea udongo usio wa chumvi, majivu yake nayo huanza kuelekea upande wa potasi. Katika miaka ya 1750 Andreas Marggraf wa Berlin akavitambua viwili hivi kwa rangi za miali yake. Hata hivyo, ilibidi ipite miaka 71 tangu ithibati ya Duhamel mpaka mwaka 1807, Humphry Davy alipopitisha umeme katika potasi kali mjini London akaipata metali ya potasiamu, na siku chache baadaye akaipata sodiamu kwa njia hiyo hiyo kutoka katika magadi makali. Ikiwa watu wenye maabara na vitabu walichukua muda huo wote kuufikia ukweli, hapana haja ya kumlaumu mama apikaye au fundi asiyepata kufundishwa. Lawama iwaangukie wale ambao ukweli wamekwisha kuwa nao mkononi kwa zaidi ya karne mbili wasiufikishe kwa watu.

Yamkini mtu akasema: mbona basi wanadamu waliishi kwa maelfu ya miaka wakifua, wakipika na kuyeyusha vioo bila ya kuijua tofauti hii, na wasidhurike? Hoja hii ina nguvu, nami naikabili kwa insafu. Hawakudhurika kwa sababu kila watu walikuwa na kimoja tu. Wamisri wa kale walikuwa na natroni ya Wadi Natrun, jangwani magharibi ya mto Nile, nayo ni magadi, wakakaushia maiti zao na kuyeyushia vioo vyao; na mafundi wa kioo waliokaa katika misitu ya Ujerumani na Bohemia katika zama za kati walikuwa na majivu ya miti, nayo ni potasi, na kioo chao kikawa na tabia zake mbali. Kwetu nako, aliyekaa karibu na maziwa ya chumvi alipata magadi, na aliyekaa penye migomba na miti mingi alichuja majivu. Na kila mmoja akajifunza kwa mazoea ya wazee wake kipimo cha kile alichokuwa nacho. Umbali wa nchi ndio uliowakinga watu na kuchanganya, na mtu hawezi kuchanganya kitu alichonacho na kitu asichokiona.

Hali hiyo imekwisha kupita. Mwaka 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipata hataza ya kufanya magadi kutokana na chumvi ya bahari, na katika miaka ya 1860 Mbelgiji Ernest Solvay akaleta njia iliyo rahisi kuliko hiyo, hata magadi yakashuka bei na kuiondoa potasi katika viwanda vya kioo na sabuni. Potasi yenyewe, ambayo hapo kwanza ilikuwa biashara kubwa kiasi cha kwamba hataza ya kwanza kabisa ya Marekani, iliyotolewa tarehe 31 Julai 1790 na kutiwa sahihi na George Washington, ilikuwa ya Samuel Hopkins kwa njia yake ya kuitengeneza, ilipata kazi mpya baada ya Justus von Liebig kueleza mwaka 1840 haja ya mimea kwa madini ya udongo, na baada ya machimbo ya Stassfurt, Ujerumani, kuanza mwaka 1861. Tangu hapo ulimwengu wa viwanda ukakipa kila kimoja cheo chake: magadi yakashika kioo na sabuni, na potasi ikashika mashamba. Sisi tumepokea bidhaa za pande zote mbili bila ya kupokea mafunzo yake. Mwaka 1911 iliundwa kampuni ya kuchimba magadi ya Ziwa Magadi, na baada ya hapo Kenya imekuwa ikiyauza ng'ambo, na kwa upande mwingine mbolea ya potasi hutujia kutoka ng'ambo ndani ya magunia. Na katika miji yetu mtu aweza leo kununua magadi, kostiki ya sodiamu (yaani magadi makali), kostiki ya potasiamu (yaani potasi kali), mbolea ya potasi na chumvi iliyochanganywa na potasiamu, vingi vikiwa vyeupe, na aghalabu vikiwa vimepimwa katika mifuko ya nailoni isiyoandikwa neno. Kinga ya umbali imeondoka, na kinga ya elimu haijawekwa mahali pake.

Tuanze na sabuni, maana hapo madhara huonekana upesi. Vikundi vingi vya akina mama na vijana hujitafutia riziki kwa kutengeneza sabuni, nayo ni kazi ya heshima inayostahiki msaada. Sasa, kwa kadiri ile ile ya mafuta, palipohitajika gramu 40 za kostiki ya sodiamu huhitajika gramu 56 za kostiki ya potasiamu, kwa kuwa chembe ya potasiamu ni nzito kuliko chembe ya sodiamu. Fundi aliyepewa hesabu ya potasi, akatia sodiamu kwa uzito ule ule, atabakiwa na kostiki isiyokuwa na mafuta ya kuimaliza, na sabuni yake itamchubua mnunuzi; na aliyepewa hesabu ya sodiamu akatia potasi, atapata uji wa mafuta usioganda, na mtaji wake utapotea. Fundi huyo hakukosa bidii wala ustadi, ila alikosa neno moja ambalo muuzaji alipaswa kuliandika juu ya mfuko.

Shambani madhara huja polepole, lakini ni makubwa zaidi na huchukua miaka kuondoka. Potasiamu ni chakula cha mmea: huupa shina nguvu, huongoza maji katika majani, husafirisha sukari kwenda katika tunda na kiazi, na mmea unapoikosa, majani yake ya zamani huanza kugeuka manjano na kuungua kingoni. Mgomba huihitaji kwa wingi mno, na kila mkungu uuzwao mjini huondoka na sehemu ya potasi ya shamba; lakini bustani za migomba za Wachagga na Wahaya, ambazo tangu kale zimepokea taka za jiko pamoja na majivu, zilidumu na rutuba yake kwa vizazi. Sodiamu, kwa upande wake, ni adui wa udongo. Inapozidi, huzitawanya chembe za mfinyanzi zilizokuwa zimeshikamana, vijitundu vya udongo huziba, maji husimama juu bila ya kuzama, na ardhi ikikauka hufanya gamba gumu lisilopenywa na chipukizi. Na wakulima wa maji ya kumwagilia katika sehemu kavu za Tanzania na Kenya wanaijua vyema ardhi ya namna hiyo. Kuitibu huhitaji jasi, maji mengi ya kuisafisha, mifereji ya kuyatoa maji hayo, na subira. Basi mtu atakayesikia kwamba chumvi ya majivu huneemesha shamba, akadhani magadi ya dukani yatafanya kazi hiyo hiyo, atakuwa amelitia shamba lake sumu kwa mkono wake na kwa fedha yake.

Wala sisemi kwamba majivu yatumike pasipo kipimo. Sehemu kubwa ya majivu ya kuni ni chokaa, na potasi ni sehemu yake ndogo, kwa hiyo hufaa udongo wenye uchachu, wala hayafai udongo uliokwisha kuwa na magadi. Kadhalika yasichanganywe na mbolea za amonia, kwani huifukuza naitrojeni hewani na kumpotezea mkulima kile alichokinunua. Pamoja na sharti hizo, ni jambo la kusikitisha kuona majivu ya jiko yakimwagwa njiani katika nyumba ile ile ambayo mwenyewe hukopa fedha ili anunue potasi iliyovuka bahari.

Na katika mwili wa binadamu tofauti hii ni suala la uhai. Ndani ya seli zetu potasiamu ndiyo iliyozidi, na nje yake, katika damu, sodiamu ndiyo iliyozidi. Na mwili hutumia nguvu usiku na mchana kuisukuma sodiamu nje na kuiingiza potasiamu ndani, kwa njia ambayo Jens Skou wa Denmark aliifumbua mwaka 1957 na kutunukiwa kwayo Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Shirika la Afya Duniani humshauri mtu mzima asizidishe gramu 2 za sodiamu kwa siku, na apate potasiamu isiyopungua gramu 3.5, kwa kuwa sodiamu ikizidi hupandisha shinikizo la damu, na potasiamu itokayo katika ndizi, maharage, viazi na mboga husaidia kulishusha. Lakini mgonjwa aliyekatazwa chumvi, akaacha kuitia mezani na akaendelea kula maharage ya magadi, hajaikimbia sodiamu, maana gramu 5 za magadi safi zina takriban gramu 1.5 za sodiamu. Na mgonjwa wa figo, ambaye figo zake haziwezi tena kuitoa potasiamu ya ziada, akiambiwa na jirani kwamba maji ya majivu au chumvi yenye potasiamu ni salama kwa kila mtu, aweza kupatwa na hatari ya moyo, kwani potasiamu ikizidi katika damu huvuruga mapigo yake. Fauka ya hayo, magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa mara nyingi hubeba floraidi, nayo huongezea ile ambayo tayari imo katika maji ya mikoa kama Arusha na Kilimanjaro, ambako wengi wamepata meno ya kahawia tangu utotoni. Hata mtu mwenye afya timamu yampasa ajue kwamba chungu kilichotiwa magadi au majivu mengi hupoteza sehemu ya vitamini B1 na C.

Wapo watakaosema kwamba mwananchi wa kawaida hana haja ya majina ya metali, na kwamba mambo haya yaachiwe wataalamu. Siwaafiki. Mkulima huyu huyu anayedharauliwa amekwisha kujua kutofautisha mbolea ya DAP na ya urea, na hujua ipi hutiwa wakati wa kupanda na ipi hutiwa wakati wa kukuza, wala hakulijua hilo kwa kusoma chuo kikuu, bali kwa kuambiwa waziwazi na kwa kuona jina limeandikwa juu ya gunia. Akili ya kupambanua haikupungua kwa watu wetu. Kilichopungua ni nia ya wenye maarifa kuyasema kwa Kiswahili kilicho sahali.

Kwa hiyo natoa rai yangu kwa wanaohusika. Mashirika ya viwango ya nchi zetu yaagize kwamba kila mfuko wa magadi, wa kostiki, wa mbolea na wa chumvi mbadala uandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka, kwamba msingi wake ni sodiamu au ni potasiamu. Na wauzaji wa rejareja wanaopima kwa kijiko wabandike jina hilo juu ya debe. Wizara za elimu ziingize jambo hili katika masomo ya sayansi ya shule za msingi, kwa jaribio la majivu, magadi na mwali wa moto, ambalo halihitaji maabara ya gharama wala kitabu cha kigeni. Mabwana shamba na mabibi shamba wawafundishe watu kuhifadhi majivu mahali pakavu, maana mvua huyaondolea potasi yake, na wawaonye wasipeleke magadi shambani. Na waganga wa zahanati, wanapomuuliza mgonjwa wa shinikizo au wa figo juu ya chumvi, wamuulize pia analainisha maharage yake kwa magadi au kwa majivu, kwa kuwa jawabu hilo hubadili nasaha watakayompa. Yote haya yaweza kutendwa mwaka huu, bila ya mkopo na bila ya mtaalamu kutoka ng'ambo, na kila mwaka yanapocheleweshwa, gharama yake itaendelea kulipwa na wale wasioambiwa walichonunua.